Mizizi Mitatu ya Jino la Afande

Pale kliniki ya mifugo wanamwita Dada Hesabu. Kazi yake ni meno: ya mbwa, ya paka, na mara moja tu ya sungura, ambaye shukrani yake ilikuwa kumng'ata kidole. Mnyama akishalala kwa sindano ya usingizi, yeye humfungua mdomo, huanzia nyuma kushoto, akahesabu kwa sauti mpaka mwisho. Mbwa mzima ana meno arobaini na mawili. Likipungua moja, Dada Hesabu hatulii mpaka ajue limekwenda wapi. Kisha huondoa ugaga ulioganda kwenye meno kwa mashine, husugua jino moja moja, na kabla mnyama hajaamka huhesabu upya. Miaka kumi na moja hajaruka hesabu hata siku moja. Wenzake walimcheka, wakachoka, wakaacha.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baba yake, mlinzi mstaafu, ni mtu wa kutembea kifua mbele kwa ajili ya wanawe, lakini kwa huyu ulimi ulikuwa mzito. Akiulizwa binti anafanya kazi gani alijibu, "Yuko hospitali," halafu akaingiza habari za mpira. Hospitali ya nani, hakusema. Binti aliyasikia hayo mara nyingi akiwa jikoni, akajikaza kisabuni. Lakini ilimuuma, tusidanganyane.

Mzee ana mbwa wake, Afande. Miaka tisa walilinda pamoja geti la ghala moja, na mzee husema kati yao wawili mbwa ndiye aliyekuwa na cheo. Mwaka huu Afande alivimba chini ya jicho la kulia. Mzee akanunua dawa ya matone, akawa anamtia jichoni asubuhi na jioni bila kukosa. Uvimbe ukapasuka, ukapona, ukarudi. Mbwa akawa anasogelea bakuli, ananusa, anaondoka. Wiki ya tatu mzee alimpigia binti yake simu.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyomwita tangu utotoni, "mwambie daktari wenu amchome ile sindano ya kumpumzisha. Amezeeka. Sitaki ateseke."

"Baba, umemwangalia mdomoni?"

"Anaumwa jicho, mdomo unaingiaje hapo?"

"Mlete kesho. Nikishaona mdomo wake, utaamua mwenyewe."

Mzee alikuja amevaa koti lake la zamani la kazi, vifungo vyote vimefungwa, kama anayemsindikiza mwenzake kaburini. Binti aliinua mdomo wa Afande kwa kidole gumba, akaona hapo hapo. Jino kubwa la juu la kutafunia lilikuwa limepasuka. Mizizi ya jino hilo inapanda mpaka karibu na jicho, na usaha ulikuwa umejaa huko. Mzee alikuwa akifuta sakafu huku bati ndilo linalovuja.

Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimweleza mzee kwamba jino linaweza kung'olewa, ila kwa mbwa wa umri ule usingizi mrefu una hatari. Anaweza asiamke. Mzee akamgeukia binti yake.

"Wewe unasemaje?"

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumuuliza neno lolote la kazi. Binti akajibu, "Ling'olewe, Baba." Sasa Afande asipoamka, lawama itakuwa yake.

Jino la namna hiyo lina mizizi mitatu, kwa hiyo hukatwa vipande, kila kipande kitoke na mzizi wake. Daktari alivuta cha kwanza na cha pili, vikatoka. Cha tatu kilisumbua, kikavunjika, damu ikajaa. Alipochokoa tena akatoa vipande viwili vidogo, akavitupa kwenye trei, akatazama saa.

"Mizizi imetoka yote. Nipe uzi nishone."

Dada Hesabu hakutoa uzi. Aligeuza vile vipande kwa kibano, kimoja kimoja. Kila dakika ya usingizi ilikuwa inamla Afande, na nje ya mlango kulikuwa na mzee amekaa na mnyororo mtupu wa Afande mapajani.

"Daktari, nimehesabu miwili. Hivi vidogo ni vya taji, ile sehemu ya juu ya jino."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Moyo wake unapiga vizuri. Bado muda tunao."

Daktari alimtazama, akashika tena kifaa chake. Dakika sita baadaye mzizi wa tatu ulitua kwenye trei, mweusi nchani, unanuka. Ndio uliokuwa chini ya jicho. Ungeshonewa ndani, uvimbe ungerudi, na mzee angeomba ile sindano yake. Dada Hesabu alihesabu meno yaliyobaki kwa sauti, arobaini na moja. Alijisikia fahari, na hakuona haya kujisikia hivyo.

Afande aliamka. Siku ya tatu alimaliza bakuli akalilamba mpaka likasogea ukutani.

Wiki iliyofuata walirudi kukaguliwa kidonda. Dada Hesabu alikuwa nyuma ya mlango akivaa glavu aliposikia mwanamke mwenye paka akimuuliza mzee kama ana mwenyeji hapa. Akasubiri habari za mpira.

"Binti yangu ndiye anayesafisha meno ya mbwa hapa," mzee alisema, kwa sauti ya kuamrisha gari lisimame getini. "Na ya paka. Huyo wako ana meno mangapi?"

"Mimi sijui, mzee wangu."

"Basi kaa hapo. Yeye anajua."