Kabari ya Mashine ya Kahawa

Mashine ya kumenya kahawa pale kwetu Ihanda iliharibika mikononi mwa mke wa kaka yangu, na kwa sababu hiyo tu watu wakasema kaivunja yeye.

Kaka alikuwa kwenye migodi ya shaba, Kopabelti. Mkewe, Mnamwanga wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alibaki na wazazi wetu. Kwa desturi hakuruhusiwa kuzungumza na baba mkwe wake, wala kukaa alipokaa. Basi siku ile alisimama nyuma ya jiko akisikiliza kesi yake.

"Mikono ile!" alisema shangazi yangu. "Kwao nadhani hawana majembe, wanalimia hiyo hiyo."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Kahawa mbivu ya majirani ilikuwa imerundikana uani, na isipomenywa mapema inachacha.

"Arudi kwao mpaka mumewe aje," alisema.

Nilikuwa likizo kutoka chuoni Kampala, na sikuwa na tabia ya kukubali jambo kwa kuwa mkubwa kalisema. Nikalifungua gurudumu lenye mpini wa kuzungushia. Kinacholishikanisha na shafti, mhimili wa pipa la ndani linalomenya, ni kipande cha chuma, kifupi kama kidole, kiitwacho kabari. Kilikuwa kimekatika. Mpasuko wake karibu wote ulikuwa mweusi kwa kutu ya zamani. Sehemu iliyong'aa, ya siku ile, ilikuwa nyembamba kama ukucha.

Nikawaeleza. Tukisikia jiwe linakwaruza ndani, sote huvuta mpini nyuma kwa nguvu, mashine ikiwa bado inazunguka kwa kasi. Mkono unarudisha gurudumu, pipa zito la ndani linataka kwenda mbele, na kabari iko katikati yao. Ikiwa imebana, huvumilia. Ikishalegea, kila ukigeuza inagongwa upande huu, kisha upande ule, na nafasi inazidi kupanuka, mpaka inakatika hata kwa mtu anayezungusha polepole.

"Na nani alitufundisha kugeuza hivyo?" aliuliza jirani mmoja, akitabasamu.

Kila mtu alijua. Baba aliinuka, akaingia ndani.

Nilimfuata shemeji jikoni nikidhani nimempelekea habari njema. Nikamkuta anafungasha nguo zake.

"Shemeji, ungeacha tu," alisema. "La mashine ningesamehewa. Lakini baba mkwe ameaibishwa mbele za watu kwa ajili yangu, na mimi siwezi hata kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Nitakaaje hapa?"

Asubuhi mama alimsindikiza hadi barabara ya Tunduma.

Mhunzi alichonga kabari mpya, ikabana vizuri. Siku jiwe lilipokwaruza tena, nilimwona baba akiachia mpini, akangoja gurudumu lisimame lenyewe, akaingiza vidole na kulitoa jiwe taratibu. Ndipo akazungusha, kwenda mbele. Majirani wakamwiga.

Nilisubiri baba amtume mtu avuke mpaka akamrudishe shemeji. Likizo ikaisha bado nasubiri.