Bwawa la Nyota la Soga

Juzi jioni binti yangu alikuwa mezani anajisomea jiografia, nami nachambua mchicha. Akasoma kwa sauti kwamba yako maziwa duniani yaliyochimbwa na vimondo: jiwe linaanguka kutoka angani, linaacha shimo la mviringo, mvua zinalijaza. Lipo moja Ghana, yapo mengine Kanada. Nikamwambia bila hata kuinua kichwa, "Hata kwetu Soga lilikuwepo." Akachukua simu, akatafuta weee, kisha akasema kwa upole, "Mama, la Soga halipo." Nilinuna. Ungedhani amemtukana bibi yangu.

Wewe ungeliona bwawa lile ungekuwa upande wangu. Lilikuwa la mviringo kama mdomo wa chungu, nyuma ya mihogo yetu, si mbali na reli ya zamani. Alfajiri tulishuka na ndoo, umande unatulowesha miguu, vyura wakinyamaza mmoja mmoja kadiri tulivyokaribia. Maji yake yalikuwa na ladha ya udongo kidogo, na chai ya mchaichai iliyochemshwa kwa maji yale, ukiteremshia na muhogo wa nazi, sijaionja tena popote. Bibi alisimulia kwamba zamani, bibi yake akiwa msichana, nyota ilianguka pale, ardhi ikatikisika, kukakucha pana shimo. Kwa hiyo bwawa lilikuwa lake, na sheria zilikuwa zake: sabuni marufuku, miguu marufuku. Aliyebisha aliambiwa, "Nyota ingetaka shamba lako ingekwenda huko."

Mwalimu alipotufundisha habari za vimondo, nilikimbia nyumbani kumpasha Bibi. Hakushtuka. "Lisemwalo lipo," akasema, akaendelea kukuna nazi yake.

Mwaka mmoja vuli haikunyesha. Jirani yetu, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini, alibaki na ng'ombe waliotoka mbavu, na ndama wake mmoja alikuwa amelala chini, hainuki. Akaja kwa Bibi.

"Shikamoo, mama. Naomba ng'ombe wangu wanywe."

"Marahaba, mwanangu. Wanao wachotee, sikukatazi. Ng'ombe hapana. Wana kwato hao, wataingia, kesho tutachota tope."

"Lakini mama, nyota si ilitoka juu? Huko juu nako mlikuwa na shamba?"

Waliokuwepo wakacheka. Bibi akasonya.

Wakakubaliana aitwe mwalimu aamue. Mwalimu akakunja suruali, akalizunguka bwawa taratibu, sisi watoto tukimfuata nyuma. Alichosema kiliniuma. Maziwa ya vimondo yapo, alisema, ila la hapa hawezi kuliapia. Wajenzi wa reli walichimba kifusi sehemu nyingi za huku, na shimo hili huenda ni lao. Nikamtazama Bibi. Likiwa shimo la reli, basi hana lake tena, na yeyote mwenye mifugo angeswaga tu.

Bibi akajifunga kanga yake upya. "Haya," akasema. "Likiwa la reli, halina mwenyewe. Ingizeni ng'ombe, na Ijumaa hatuna maji, si nyie wala sisi. Likiwa la nyota, mwenyewe ni mimi, na mimi nasema ng'ombe wanywe, ila wanywee nje, kwa ndoo. Chagueni."

Jirani alimtazama mwalimu, akalitazama bwawa. "La nyota, mama," akasema. Mwalimu naye akasema hana pingamizi.

Basi kiangazi kile chote tulichota. Pipa lilikatwa katikati likalazwa mbali na ukingo, tukawa tunalijaza, watoto wa kwetu na wa kwake, viganja vinachubuka, tunataniana nani kamwaga zaidi. Siku ndama yule aliposimama, miguu inatetemeka, Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga akasema ni vumbi. Asubuhi maziwa yalikuja kwetu ndani ya kibuyu, mazito, yananukia moshi. Na ole wako umwambie jirani yule kwamba bwawa lile ni shimo la reli.

Nilimpenda Bibi siku zote, lakini kwa siku ile nampenda zaidi.

Sasa ametangulia mbele ya haki. Jirani alihamishia mifugo yake mbali, nami nikaolewa huku Kibaha mjini. Inawezekana mwalimu alikuwa sahihi, na binti yangu pia; sina ugomvi nao. Ninachokililia si nyota. Ni yule mtu wa kusimama ukingoni na kusema hili ni langu, karibuni mnywe. Walipokuja wapimaji wa kiwanja cha malori kuuliza bwawa ni la nani, wenyeji wa zamani hatukuwepo. Waliokuwepo walijibu walivyojua: ni shimo tu, halina mwenyewe. Likafukiwa siku hiyohiyo.