Panya Aliyenona

Hifadhi nzima ilimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi umri. Yeye ndiye mtunzaji wa jumba la nyoka. Nge, majongoo na buibui wa manyoya aliwalisha huku akiwagombeza, ila chatu alimdekeza. Alimpokea akiwa mwembamba kama kidole, akamlea hadi akawa mnene kama paja. Mumewe aliwatania majirani, "Mke wangu ana mume mwingine, tena hana miguu!"

Panya wa chakula aliwafuga mwenyewe nyuma ya jumba. Sharti lake lilikuwa moja: chatu akipewa panya, unasimama papo hapo, asipomla, unamtoa. Akiwa anajivua gamba hapewi kabisa, maana macho huwa meupe kama maji ya mchele, haoni, wala hana hamu ya kitu.

Dada yake alipougua, Shangazi aliaga kwenda kumtazama. Jumba akamwachia mlisha simba, bonge la mtu mwenye moyo laini.

"Chatu anajivua. Usimpe kitu, kaka."

"Nimekusikia, Shangazi. Kwani mimi mtoto?"

Kusikia alisikia. Lakini mtu aliyezoea simba, akiona mnyama kalala kinyonge, anajua njaa tu. Jioni akamwonea huruma, akachagua panya aliyenona, akamtia ndani, akafunga mlango, akaenda zake roho kwatu. Tenda wema nenda zako, siyo?

Lo! Panya naye ana tumbo, jamani. Humo ndani hakukuwa na punje ya mahindi. Kulikuwa na nyama tu, isiyoona wala kujitetea.

Asubuhi Shangazi alirudi akamkuta chatu kajikunja, mgongo umegugunwa hadi mfupani, na bado yu hai. Akakimbilia simu. Daktari wa wanyama alipiga magoti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Uti wa mgongo umekatika. Naweza kumpunguzia maumivu, basi."

"Kushona je? Jaribu tu, baba."

"Sina la kufanya, Shangazi."

Mlisha simba alisimama mlangoni, machozi na kamasi vinamtoka. "Nilimhurumia tu. Nilidhani ana njaa."

Shangazi alifungua mdomo amtukane, matusi yakakataa kuja. Utamtukanaje mtu kwa huruma yake? Uchungu ulimjaa kifuani na hakuwa na pa kuutua.

Chatu alikufa mchana, kichwa kikiwa mapajani pake, gamba limeanza tu kubanduka mdomoni.

Jioni, kazi ni kazi, alikwenda nyuma kuwalisha panya. Mlisha simba alikuwa amemrudisha yule panya tunduni kwa wenzake. Damu ilikuwa imemkaukia kwenye sharubu. Shangazi alisimama na kopo lake la mahindi. Yule panya akaja mbio kuliko wote, akanusa vidole vyake, maana ndivyo vilivyomlea.

Akammwagia mahindi.