Nilienda Lopur na karatasi ya herufi, Mzee Ekai akanionyesha mbuzi

Leo nimeenda kijiji cha Lopur kupima macho ya wazee, nikapimwa mimi 😂

Wazee wamekaa, kila mmoja na kigoda chake. Nikatundika karatasi ya herufi, kifua mbele.

Wa kwanza, Mzee Ekai.

Nikamsalimu kwa lugha yao: "Ejok, mzee. Nisomee hapa."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

Jamani, mzee hajawahi kukanyaga darasa! Wenzake pia. Na mimi nimebeba ABC kutoka Kakuma.

Akanihurumia. Akanyoosha fimbo kule kilimani.

"Daktari, uliza mimi ile mbuzi."

Mbuzi gani? Mimi naona vumbi tu!

Akawataja mmoja mmoja kwa rangi. Halafu: "Ile nyeusi ya nyuma si yangu. Ni ya jirani."

Mbuzi walipofika nikakagua masikio, maana kila boma lina alama yake. Huyo mweusi kweli ana alama ya jirani.

Nikamuuliza, "Sasa mzee, miwani ya nini?"

"Mama akidungwa na mwiba, mimi sioni ya kutoa."

Mama ni mkewe. Nikampa miwani ya kuonea karibu. Akatazama viganja vyake, akacheka. Kisha akaushika mguu wangu.

"Wewe unachechemea tangu ufike."

Mwiba ukatoka hapo hapo, wazee wakapiga makofi.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akaniangalia vizuri:

"Na miwani yako iko wapi, daktari? Wewe hukuona mbuzi."

Basi karatasi nimeistaafisha. Lopur tutapima kwa mbuzi, na wa kwanza kwenye foleni ni mimi.