Siku Niliyosoma Siri ya Dani kwa Spika

Sitaki mtu yeyote wa Rangwe aone daftari hili, maana aibu ya Jamhuri Dei bado inanichoma masikio, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mwalimu wa historia alinichagua mimi (ambaye hata jina langu likiitwa darasani najibu kwa kunong'ona) nisome mbele ya chifu mambo makubwa yaliyotokea Kenya tarehe kumi na mbili Desemba. 1963, Uhuru. 1964, nchi ikawa Jamhuri. Nikaona orodha ni fupi, nikaenda kwa dani, nyanya yangu, nikamuuliza anakumbuka nini, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema siku ile ya Uhuru kijana Okelo alipewa bendera aishike hapa kwetu, na tarumbeta za askari zilipolia akaitupa, akaenda kujificha kwenye ghala la mtama.

"Lakini nyakwara, mjukuu wangu, hiyo usisome," akaniambia. "Ni jirani yangu, na kila mwaka anajisifu hakutingishika."

Nikaahidi. Halafu, kwa uvivu tu, nikaiandika palepale chini ya 1963 nisije nikaisahau.

Siku ikafika. Jaduong' Okelo, sasa mzee wa suti, ameketi mbele akingoja chifu amkabidhi fimbo ya heshima kama mshika bendera wa kwanza wa lokesheni, na mimi kwa woga nikaamua nisiinue macho kabisa, nikasoma mbiombio, Uhuru, bendera, tarumbeta, ghala la mtama, na nilipofika Jamhuri ndipo nikasikia vile uwanja umenyamaza.

Chifu akairudisha fimbo kwapani. Dani akaniangalia kama hanijui.

Jaduong' Okelo akainuka polepole, akaninyang'anya maikrofoni.

"Ni kweli nilikimbia," akasema. "Sasa muulizeni huyo shahidi wa mtoto huyu alinionaje, na ghala lilikuwa giza."

Akamnyooshea dani kidole.

"Nilimkuta ndani. Amejifunika kapu."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Dani akajificha ndani ya leso. "Okelo, si tuliapa?"

"Uliyeanza ni nani?"

Chifu akampa Jaduong' fimbo yake huku akifuta machozi.

Siku hizi dani akitaka kunisimulia kitu, kwanza anauliza kalamu iko wapi. Nami nimeapa kutoandika tena siri ya mtu (hii haihesabiki, uwanja mzima ulishasikia).