Langi ya Wilkista

Wilkista Nakhungu ana miaka hamsini na mbili na saibo moja, duka la kompyuta na intaneti, pale Misikhu, kati ya duka la mbolea na kinyozi. Miaka minne iliyopita mteja alimwomba amtengenezee tovuti ya shule ya chekechea. Wilkista hakujua, ila hakusema hajui. Alimwambia arudi wiki ijayo, akaingia YouTube.

Huko alikuta vijana wa nchi za mbali wakifundisha CSS, ile lugha ya kupaka kurasa za tovuti rangi na kuzipanga. Walizungumza mbio kama waliofukuzwa na nyuki. Somo la dakika tano lilimchukua siku tatu. Lilipokubali, alijiuliza kwa nini mtu wa Bokoli, kijiji cha jirani, ateseke hivyo kwa jambo linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kabla chai haijapoa.

Akaanza kurekodi video za dakika tatu tatu. Nafasi zinazozunguka maandishi alizieleza kwa mfano wa boma: hapa nyumba, hapa uwanja wa kufagia, hapa ua, na nje ya ua ni njia ya kukutenga na jirani. Watu wakaelewa. Wakaanza pia kucheka, maana kinywani mwa Wilkista r na l hubadilishana viti. Rangi yeye huiita langi. Mtu fulani alikata sauti yake, akaitilia muziki, ikasambaa mpaka mjini Webuye. Wakambandika jina: Mama Langi.

"Si uache tu," mumewe, Wakhungu, alimwambia. "Wanakucheka mpaka kanisani."

"Wanacheka na wanajifunza?"

"Wanajifunza."

"Basi wacheke."

Alisema hivyo, lakini wiki mbili nzima hakurekodi kitu.

Ndipo alipopigiwa simu na Kigen, meneja wa chuo kidogo cha kompyuta mjini Kitale. Alitaka masomo yake yote thelathini. Wilkista alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akaenda.

Kigen alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti, akawasha spika. Humo msichana mwenye sauti laini alikuwa akisoma maneno ya Wilkista, neno kwa neno, na boma lake lote ndani.

"Maneno ni yako, Madam," Kigen alisema. "Tumesafisha sauti tu."

"Kwani ilikuwa chafu?"

"Si hivyo, Madam. Wanafunzi wanataka mtu anayeongea sawa. Jina lako litakuwa pale mwisho."

Wilkista alivuta kibodi. Kwenye ukurasa uliokuwa wazi, mahali pa *color*, aliandika *coror*. Maandishi yakabaki meusi.

"Umeona? Nikiandika vibaya, mashine inakataa. Wakati nikijifunza ilinikataa mara mia, nikalekebisha mara mia. Hiyo ni haki yake." Alisahihisha herufi, maandishi yakawa mekundu. "Rakini haijawahi kuniuliza natamka namna gani. Sasa wewe, Bwana Kigen, unataka kuwa mkari kuliko mashine?"

"Madam, hii ni nafasi kubwa. Fikiria kwanza."

"Nimefikiria tangu Misikhu. Masomo ni yangu na mdomo ni wangu. Mkitaka, chukueni vyote viwiri."

Hawakuvichukua. Miezi miwili baadaye chuo kilitoa masomo yaleyale kama mali ya chuo. Boma lilikuwa limegeuzwa nyumba ya ghorofa, na jina la Wilkista halikuwa popote. Siku hiyo alifunga saibo saa nne asubuhi akatembea mpaka shambani, akapalilia mahindi kwa hasira hata Wakhungu akaogopa kumwita kwa chakula.

Kesho yake alifungua, akawasha simu, akajirekodi uso mzima. "Mimi ni Wilkista Nakhungu wa Misikhu. Leo tunapaka langi." Alilitamka neno hilo mara kumi na tisa, kila mara kwa nguvu zaidi. Wa kucheka walicheka. Mwalimu mmoja wa Kitale, Jerono, aliandika kwamba darasa lake, linalotazama video hizo, limeacha kunong'ona kwa kuogopa kuchekwa. Sasa wanasoma msimbo wa kompyuta kwa sauti, kila mtu na lafudhi ya kwao.

Juzi alikuwa akirekodi somo la arobaini na moja, la fomu za kujaza, mvua ikaanza kupiga mabati. Kinyozi akachungulia, akamwambia angoje itulie.

"Kwa nini?" Wilkista aliuliza, akaisogeza simu karibu na mdomo, akapaza sauti.