Mama Véro Alihesabu Pumzi

Juzi, katika hospitali ya watoto, nilimwona muuguzi kijana akibana kidole cha mtoto kwa kifaa kidogo, na tarakimu zikawaka. Nikamkumbuka Mama Véro, muuguzi wa utoto wangu, aliyekuwa na mkono wake tu na saa.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, wodi yake ilinuka javel, ile dawa ya kusafishia sakafu, na moshi wa makala kutoka uani, ambako mama zetu walipika. Waporaji walikuwa wamevamia hospitali na kubeba magodoro yote, kwa hiyo mdogo wangu Kalenga, mgonjwa wa surua, alilala sakafuni juu ya kikwembe, kitambaa cha kujifunga cha mama. Mama Véro aliweka kiganja kifuani pake, akatazama saa, midomo ikicheza. Nilidhani anasali. Nikapiga magoti, nikaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa.

“Nyamaza kwanza, mama. Niko nahesabu pumuzi,” aliniambia; kwetu hata msichana mdogo huitwa mama.

Akaanza upya. Kisha akamwendea msichana mmoja wa Kipushi, aliyekuwa akipumulia mtungi pekee wa oksijeni uliobaki. Akamhesabia naye, mara mbili.

“Wako anapumua muzuri kidogo,” alimwambia mama wa msichana, akimwonyesha Kalenga. “Tumupe kwanza huyu.”

Mama yule akautoa mpira wa hewa puani mwa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Kalenga alipona, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Mungu alikuwa ameisikia sala yangu. Tulipoondoka hatukumwuliza yule mama jina lake, wala mtoto wake aliamkaje.